Sarafu za Lifti

Kila Jumapili asubuhi nafungua kisanduku cha lifti,
jengo la ishirini na nne, Gldani, pembezoni mwa Tbilisi.
Huku kwetu lifti haipandishi mtu bure:
uipe tetri kumi, igune, ikohoe, ndipo iondoke.
Miaka kumi na tisa nahesabu sarafu hizo
na najua mengi ambayo sikuulizwa.
Najua kizingiti cha ghorofa ya saba kimelika
kwa viatu vya wanaokwenda kwa Tsiuri,
na kitufe chake kimefutika namba;
mara tatu nimeiandika upya kwa rangi ya kucha.

"Sisi hatuna watu," huniambia Badri wa tano.
"Mtazame Tsiuri. Mtazame Guliko. Hawalali bila mgeni."
Mzee Shalva wa nane, wimbo ni uleule.
Elguja, mwanafunzi wa pili, simu usoni,
huhesabu wenzake walivyo na wenzao mpaka macho yamwume.
Kila mtu wa jengo hili, kwa wakati wake,
ameniapia kwamba mpweke ni yeye.

Usiku mmoja umeme ulikatika.
Nilikaa juu ya ndoo, tochi kwapani,
nikapiga hesabu ukutani kwa chaki.
Si laana. Ni kujumlisha tu.
Tsiuri ana marafiki arobaini,
basi watu arobaini humtazama wakajiona pungufu.
Mimi nina mmoja, Vazha, wa karakana kule Rustavi:
ni Vazha peke yake awezaye kujilinganisha nami akafurahi.
Mwenye watu huonwa na watu.
Asiye nao, nani amwone hata amhesabu?

Januari homa ikaingia.
Muuguzi Lamara akaja na kijisanduku cha barafu,
chanjo ishirini, na sisi tu zaidi ya mia mbili.
Hakupiga kura. Hakuuliza umri.
Kila mlango alibisha, akasema:
"Nitajie rafiki yako mmoja,"
na aliyetajwa ndiye aliyeandikwa.
"Dada," nikamuuliza, nimeuzuia mlango wa lifti kwa goti,
"mbona humdungi aliyekufungulia?"
"Homa nayo hupenda nyumba zenye wageni, fundi.
Namtafuta anayetembelewa."

Badri alimtaja Tsiuri.
Shalva alimtaja Tsiuri.
Elguja alisita, akaona haya, akamtaja Tsiuri
aliyempa supu siku moja tu, mwaka juzi.
Jina langu halikutoka kinywani mwa mtu.
Sikununa; hesabu nilikwisha kuipiga.
Lakini hesabu haipashi miguu moto.

Tulipofika saba, Tsiuri alijifuta unga mikononi,
akatazama dari, akatazama sakafu.
Nikangoja amtaje Guliko.
Birika likachemka jikoni, likapiga mluzi, likachoka.
Marafiki arobaini, na jina halikupatikana.
"Kila mmoja wao," alisema mwishowe,
"ana mwingine anayempenda zaidi yangu,"
bila huzuni, kama mtu anayesoma bei dukani.
Kisha:
"Andika yule anayefungua kisanduku cha sarafu.
Simjui jina."

Nami nilikuwa nyuma ya muuguzi, bisibisi mdomoni.

Lamara akageuka. Hakucheka.
Kwenye orodha, mstari wa kumi na tisa,
chini ya majina yenye ukoo na tarehe,
pameandikwa Fundi, basi.
Nikakunja mkono wa shati palepale ngazini,
grisi na yote, sindano ikaingia.

Naitwa Jumber. Siku ile sikusema.

Jumapili iliyofuata kisanduku kilikuwa chepesi;
homa ilikuwa imewafungia watu ndani.
Nikakihesabu, nikakifunga,
nikatoa tetri kumi mfukoni mwangu,
mara ya kwanza tangu nipewe ufunguo,
nikaingia, nikabonyeza
ile namba inayofutika.